Sadaka Isiyo na Kilema

Baba yangu alikuwa mkaguzi wa sadaka za mavuno katika kanisa letu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Kianjai, na kazi hiyo aliipenda kuliko alivyotupenda sisi watoto wake. Sisemi hivyo kwa uchungu. Nilimwona kwa macho yangu. Jumapili ya mavuno alisimama mlangoni na koti lake jeusi, na kila kilichokwenda kwa Mungu kilipita kwanza mikononi mwake: mikungu ya ndizi, maharagwe ya njahi, mihogo, kuku waliofungwa miguu, mbuzi. Baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada uani, lakini baba hakujali mnada. Alichojali ni kwamba Mungu asiletewe makombo. Ndizi yenye doa ilirudi nyumbani. Mbuzi alifunguliwa mdomo, akapapaswa miguu, akainuliwa mkia mbele ya waumini, na mwenye mbuzi akasimama kando akingoja kuambiwa.

Nikiwa msichana wa darasa la tano tayari nilikuwa msaidizi wake. Nilishika pembe, yeye akakagua. Nilikuwa na jicho kali, na mwaka mmoja nilimshinda. Mjane mmoja wa ng'ambo ya mto alileta beberu mweupe aliyekuwa amemwogesha hadi akang'aa. Baba alimpitisha. Mimi nikainua sikio la kushoto na kumwonyesha mahali mbwa alipowahi kulitafuna, kovu dogo ambalo mama yule alikuwa amelichania manyoya lisionekane. Alirudi na beberu wake akipita katikati ya watu waliovaa nguo za Jumapili, na baba akaniwekea mkono begani. Nilijisikia mtu. Siku hiyo niliamua nitakuwa daktari wa mifugo, na sikubadilisha wazo hilo hadi kidato cha nne.

Ndugu yangu alinitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja, lakini mtihani tulifanya pamoja. Baba alikuwa amevunjika mguu, ng'ombe wakakosa wa kuwakatia nyasi, na yeye akatolewa shule mwaka mzima. Mimi nilipelekwa shule ya bweni. Yeye alisoma ya kutwa, akikata nyasi za nepia alfajiri kabla ya kwenda na kukata nyingine akirudi. Matokeo yalipotoka mimi nilipata A, yeye D. Baba aliziweka zile karatasi mbili mezani, akavaa miwani, akazitazama kwa macho yale yale aliyokagulia mbuzi.

Ndugu yangu alikuwa na ombi moja tu. Kulikuwa na chuo cha Biblia upande wa Embu kilichopokea hata wenye D, mradi kanisa la nyumbani limpendekeze mtu. Kanisa letu lilipewa nafasi moja kwa mwaka, na aliyetia sahihi ni mwenyekiti wa wazee, naye ni baba. Ndugu yangu alitaka kuwa mchungaji. Kijiji kizima kilijua, maana tangu utotoni yeye ndiye aliyekwenda kukaa na wagonjwa ambao wenzake waliwaogopa. Alisema ombi lake baada ya chakula, amesimama, mikono nyuma. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole kama yeye angeweza kumpelekea Mungu mbuzi wa jicho moja.

"Mungu hapewi kitu iko na kilema," alisema. "Huyu wa A ndiye wa Mungu. Wewe wa D ni wa hapa nyumbani."

"Na kama ni mimi ameita, Baba?"

"Mungu pia ameona risalti yako."

Mimi nilicheka. Sitaki kulificha hilo. Kicheko kilinitoka kabla sijang'amua kwamba aliyetiwa kamba shingoni ni mimi.

Nilipong'amua nililia siku mbili. Fomu ya chuo kikuu nilikuwa nimeijaza shuleni kabla ya mtihani, na juu kabisa niliandika mifugo. Baba alisema hiyo ni fomu ya serikali, yeye anajaza ya mbinguni. Chuo cha Biblia au nyumbani, basi. Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Siku ya tatu nilijifuta machozi nikapiga hesabu zangu. Chuo kilikuwa na shahada kwa wenye alama kama zangu, mjini, na kitanda changu mwenyewe, na hakuna ng'ombe. Nikamwambia baba nimekubali. Kama ningekataa, nafasi ile ingebaki wazi na pengine, kwa aibu ya kuipoteza, baba angempa ndugu yangu. Hilo nililiona vizuri kabisa, na bado nikakubali.

Kilichobaki ni barua ya wito. Kila anayekwenda chuo kile alitakiwa kuandika ukurasa mmoja kueleza alivyoitwa na Mungu, na kuusoma mbele ya kanisa lake Jumapili ya mavuno, ndipo mapendekezo yatiwe sahihi. Mimi sikuwa nimeitwa na mtu yeyote. Niliandika mara tatu, na mara zote barua ilisomeka kama ya mtu anayeomba kazi benki.

Nikamfuata ndugu yangu kwenye nepia. Nilimuuliza mtu anajuaje kwamba ameitwa. Nilimwambia anieleze yake, nami nitazungumza na baba kwa niaba yake. Aliweka panga chini, akaketi juu ya mzigo wa nyasi, akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Ilikuwa likizo ya Agosti ya mwaka uliotangulia, siku ya soko, kijijini hamna mtu. Alikuwa akikata nyasi karibu na shamba la kahawa la jirani aliposikia mlio. Mzee mmoja aliyekuwa amefukuzwa kanisani zamani kwa sababu ya pombe na miraa, mtu ambaye sisi watoto tulikatazwa kumwamkia, alikuwa ameteleza kwenye matuta na kuvunjika nyonga. Kila alipojaribu kumwinua mzee alipiga kelele. Ndugu yangu aliita mpaka sauti ikamkauka. Basi akaketi, akakilaza kichwa cha mzee mapajani mwake. Mzee akamwomba amwambie maneno yoyote. Sala zote zilimtoka kichwani. Akaanza kumtajia watu wanaokaa mteremko ule, nyumba kwa nyumba, kutoka juu barabarani hadi chini mtoni, na alipomruka mtu mzee alimkumbusha. Walipofika mtoni mzee alimwomba kijiti cha mwisho cha miraa kilichokuwa mfukoni mwa shati lake. Ndugu yangu alikimenya, akakikata kidogo kidogo, akamtilia mdomoni jinsi alivyomwona mchungaji akifanya na mkate. Mzee alikufa kikiwa bado shavuni. Sauti za watu waliotoka sokoni ziliposikika, ndugu yangu alibeba nyasi zake akapitia kijitoni, kwa kuwa baba angemchapa kwa kukaa na mtu yule. Waliomkuta mzee hawakujua kama alikuwa na mtu.

"Sikusikia sauti yoyote," aliniambia. "Niliacha tu kuogopa. Nikajua hii ndio kazi yangu."

Nilipomwahidi kuzungumza na baba nilikuwa na nia njema, nadhani, na nia hiyo ilidumu mpaka nilipofika jikoni. Hapo nikachukua kalamu. Niliandika yote kama yalivyo, ila nilikuwa mimi niliyeketi pale kwenye kahawa. Nilibadilisha mambo mawili tu. Miraa niliitoa, maana wazee wa kanisa wasingeivumilia, ingawa nusu yao walikuwa na mashamba yake upande wa Laare na waliyauza majani yake bila kukunja uso. Mahali pake nikatia mvua. Agosti kwetu ni kavu, na nilijua watu wetu. Wakisikia mvua imenyesha mtu anapokata roho, hawaulizi swali jingine.

Jumapili ya mavuno baba aliniongoza hadi mbele akiwa amenishika kiwiko. Nyuma yangu alikuja ndugu yangu na mkungu wa ndizi begani, kwa sababu ndiye aliyekuwa na nguvu za kuubeba. Nikasoma. Nilipofika kwenye majina ya nyumba kwa nyumba kila mtu alingoja nyumba yake itajwe. Nilipofika kwenye mvua wanawake walilia. Mjane wa beberu alilia kuliko wote. Niliinua macho mara moja tu nikamwona ndugu yangu, mkungu bado begani, akisikiliza kwa makini kama mtu anayesikia habari za kwao redioni. Kisha aliutua polepole, bila kuumiza hata ndizi moja. Baba alitia sahihi pale pale, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba amechunguza na hajaona kilema.

Nje, watu wakijipanga kwa mnada, ndugu yangu alinipitia karibu.

"Umesahau ya miraa," alisema.

Nikamwambia sikuisahau. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaenda kufungua mbuzi.

Chuoni nilifanya vizuri. Nina kichwa cha kukariri, na teolojia ina mengi ya kukaririwa. Barua yangu ilisomwa ibadani wiki ya kwanza, ikachapishwa katika kijitabu cha chuo, na mkuu wa kamati ya kupokea wanafunzi, mchungaji mnene mwenye sauti nzuri, aliihubiri makanisani hadi Meru mjini. Ndugu yangu wakati huo alikuwa ameshuka Mbeere, Gachoka, kwa mjomba wetu mwenye bucha. Alinunua mbuzi, akapasua nyama, na Jumapili akasali katika kanisa dogo la mabati. Kanisa hilo halikuwa na mkaguzi. Walipomwona anavyokaa na wagonjwa wao, walimwandikia pendekezo.

Hakuniambia. Nilikuwa mwaka wa mwisho, miezi miwili kabla ya mahafali, nilipotoka darasani nikamkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya kamati. Alivaa tai ya kuazima na viatu vilivyokuwa vikimbana. Alifurahi kuniona. Nilimwambia nina haraka, na nilikuwa na haraka kweli, ya kuondoka hapo.

Nusu saa baadaye niliitwa. Wazee watano mezani, ndugu yangu amesimama mbele yao. Mkuu wa kamati aliniuliza kama huyu ni ndugu yangu. Nikasema ndiye. Akasema kijana huyu amekuja kuwaambia kisa cha mzee aliyekufa kwenye kahawa, kisa ambacho chuo kizima kinakijua, na tena amekitia miraa, ati aliitoa kama meza ya Bwana.

"Tuambie wewe," alisema. "Hiki kisa ni cha nani?"

Nilimtazama ndugu yangu. Yeye alikuwa akitazama meza. Angenitazama, labda. Nimejiambia hivyo mara nyingi, kwamba angeinua macho tu ningesema kweli, na kila mara najua ni uongo. Nilikuwa nikifikiria joho la mahafali ambalo tayari nilikuwa nimelipima.

"Ni changu," nilisema.

Akaulizwa kama ana la kujitetea.

"Labda nimechanganya," alisema ndugu yangu.

Mkuu wa kamati alicheka, na wenzake wakacheka kwa kumfuata. Alimwambia mwizi mwenye akili huiba mbali na kwao. Alimwambia arudi kwa nyama zake, kwa sababu mbuzi hawamwulizi mtu maswali. Kisha akaandika kwenye fomu yake kwamba amekataliwa, akaifunga, na kwa desturi ya kanisa letu fomu iliyoandikwa hivyo haifunguliwi tena. Mimi nilitumwa nimsindikize hadi langoni. Langoni alivua tai, akaikunja vizuri kwa sababu haikuwa yake, akaniuliza kama nimekula.

Sasa mimi ni mchungaji mjini Embu, mwaka wa kumi na tisa. Ni mtumishi mzuri, waulizeni waumini wangu. Nafika kwa wakati, vikao vyangu haviburuti, na choo cha kanisa kilijengwa kikaisha. Nimekaa na watu wengi wakikata roho na sijawahi kumzoea hata mmoja. Nasoma zaburi haraka. Naangalia saa. Nikipita sokoni siku ya mbuzi mkono wangu unanyooka wenyewe kufungua mdomo na kuhesabu meno, na wauzaji wanacheka, Pasta anajua mali.

Kila mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha nne, naalikwa kuzungumza na vijana juu ya kuchagua masomo na kazi kwa imani. Wanakuja na simu zao, wamefungua ule mtandao wa kuchagua kozi, wana hofu. Wanauliza watajuaje kama Mungu anataka uuguzi au uhasibu. Nawaambia watazame karama zao, watazame mahali penye uhitaji, wasichague kwa kumfurahisha mzazi. Ni ushauri mzuri na nautoa bila kupepesa macho. Halafu wanataka kisa, nami nawapa. Miaka imekinenepesha. Mvua yangu siku hizi ina radi.

Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda nikamwekea mikono, nikaomba vizuri sana. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza alifumbua, akatazama mlangoni.

"Yule wa nyama akuje," alisema.

Ndugu yangu alifunga bucha akaja kutoka Gachoka. Alikaa naye siku tatu. Nilisimama dirishani nikamsikia akimtajia watu wa mteremko, nyumba kwa nyumba, kutoka barabarani hadi mtoni, na baba akimkumbusha waliorukwa. Baba hakumwomba msamaha. Sidhani jambo hilo lilimjia hata akilini. Alikufa saa nne asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa yule wa D. Mazishi niliendesha mimi. Katika kitabu cha nyimbo cha baba nilikuta barua yangu ya chuo kikuu, ya kuitwa kusomea mifugo, ambayo hakuwahi kunionyesha, imekunjwa mara nne na haijatoboka popote.

Huko Gachoka ndugu yangu ndivyo anavyoishi. Mtu akizidiwa wanamwita yeye kabla hawajamwita mchungaji wao, na Waislamu wa pale mjini wanamwita pia, wazee wao wakiwa njiani. Ananawa mikono, anavua aproni, anakwenda. Hahubiri. Anataja majina.

Mwezi uliopita alinijia nyumbani na binti yake. Msichana amemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri, na anataka kwenda chuo kile kile nilichosoma mimi. Barua ya wito bado wanaitaka. Alisema amejaribu kuandika na hana la kusema, anachojua ni kwamba anataka kuwa kama shangazi yake.

"Nimemwambia akuje kwako," ndugu yangu alisema. "Wewe unaieleza vizuri kuniliko."

Nilimtafuta usoni kama kuna dhihaka. Hamkuwa na kitu. Alikuwa ameniletea kilo mbili za nyama, zimefungwa kwenye gazeti, na alikaa mwisho wa kochi akizishikilia mapajani kwa sababu sikuwa nimezipokea.

Nikaeleza. Msichana aliandika kwenye simu yake kwa vidole viwili, haraka, hakutaka kupoteza neno. Niliwapitisha kwenye kahawa, kwenye matuta, kwenye nyumba zote hadi mtoni. Nilipofika mahali pa mvua ndugu yangu alikohoa.

"Hakukuwa na mvua," alisema.

Msichana aliacha kuandika. "Kwani ulikuwa huko, Baba?"

Ndugu yangu aligeuza ule mzigo wa nyama, damu ilikuwa imeanza kupenya gazeti. Ya miraa hakuitaja.

"Nilikuwa karibu," alisema.

Sasa wote wawili walinitazama. Safari hii aliinua macho, akaniangalia sawasawa, bila hasira, akingoja. Mtoto wake alikuwa karibu kuchagua maisha yake yote kwa maneno yangu, na mimi nilikuwa na shahada, na parokia, na miaka iliyobaki kabla ya kustaafu.

"Baba yako anakumbuka vizuri," nilimwambia. "Hakukuwa na mvua."

Msichana aliinamia simu, akafuta mvua. Mengine aliyaacha kama nilivyoyasema.